Mkono wa Kuazima

Wanaompenda Urbanus Ngui husema hakujua. Husema jini huja na ujanja wake, na binadamu ni nani hata alitambue. Urbanus mwenyewe akiyasikia hayo habishani nao, hutazama chini tu. Alijua. Alijua tangu alasiri ya kwanza.

Alasiri hiyo alikuwa amemaliza kumchora dereva mmoja wa lori tatuu ya nge begani. Akaitoa betri ya mashine ili aitie kwenye chaji, akaiweka mezani, akageuka kutafuta kitambaa cha kupangusia. Aliposhika mashine aisafishe, ilikuwa bado inanguruma. Betri iko kule mezani, mashine iko huku mkononi, na sindano inapanda na kushuka kana kwamba kazi haijaisha. Sauti yake haikuwa ya chuma. Ilikuwa kama ya mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo.

Urbanus akatazama mlangoni kuona kama kuna aliyemwona. Baadaye jambo hilo ndilo lililomchoma kuliko mengine yote: kwamba wazo lake la kwanza halikuwa kuitupa. Hapakuwa na mtu. Akairudisha betri mahali pake haraka haraka, kama anayemfunika mwenziwe aliyevuliwa nguo, na mashine ikanyamaza. Asubuhi yake akafungua duka kama kawaida.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha chini katika jumba la kupangisha pale Mlolongo, nyuma ya mizani ya malori, mahali ambapo vumbi la machimbo ya mawe humfuata mtu hadi ndani ya kikombe cha chai. Walikuwa wawili, Urbanus na Nzilani. Nzilani ndiye aliyekuwa fundi hasa. Alichora tatuu kwa mashine ya zamani, yenye waya na kanyagio la mguu, na mistari yake ilikuwa imetulia kama maji ya mtungi. Urbanus alichora majina, misalaba na nanga, na mstari wake ulitetemeka. Haukutetemeka sana. Ulitetemeka kiasi cha mteja kuukubali akiwa dukani na kuujutia akifika nyumbani.

"Ni hii waya," alikuwa akiwaambia. "Inanivuta mkono. Nikipata mashine ya kisasa, ile haina waya, mtaona."

Alilisema hilo miaka mingi hata akaliamini. Nzilani alikuwa akicheka. "Mchagua jembe si mkulima, Urbanus." Lakini alikuwa mtu wa roho safi, na siku Urbanus alipoamua kununua, alifunga kazi zake akaenda naye Nairobi kumsaidia kuchagua.

Muuzaji aliitwa Titus. Alikuwa na chumba ghorofani, juu ya maduka ya simu, na alizipanga mashine zake mezani juu ya taulo jeupe, kama daktari wa meno.

"Hii iko na betri mbili," alisema. "Moja ikiisha unaweka ingine, mteja hata hajui. Lakini ni nzito huku nyuma."

Nzilani akailaza juu ya kidole kimoja aone inaelemea wapi. "Uzito si mbaya. Unatuliza mkono. Mpigo wa sindano je?"

"Unabadilisha mwenyewe. Mfupi wa vivuli, mrefu wa mistari."

Ya pili ilikuwa nyepesi na nzuri machoni, lakini betri yake haikudumu, na Nzilani akamweleza Urbanus kwamba moto ukipungua katikati ya kazi sindano hulegea, na sindano iliyolegea huchana ngozi badala ya kuichora. Akaisukuma kando. "Chukua ile ya kwanza. Hutajuta."

Urbanus alikuwa anatazama ya tatu. Hii haikuwa juu ya taulo, ilikuwa pembeni, peke yake. Nyeusi, nyembamba, haina jina la kampuni wala namba.

"Na hiyo?"

Titus akalinyoosha taulo. "Hiyo ni ya mtu. Aliniletea nimtengenezee, hakurudi tena."

"Iko na shida gani?"

"Nimeifungua mara nyingi. Sijaona kitu ya kutengeneza."

Nzilani akaishika, akaiachilia papo hapo, akajipangusa kiganja kwenye suruali. "Iko na joto. Kama mtu ametoka kuishika sasa hivi."

"Ni jua," Titus alisema. Dirisha la chumba kile lilitazamana na ukuta.

Urbanus akaichukua. Ilitulia kati ya vidole vyake kama inayorudi kwao. Titus akamsogezea kipande cha mpira wa kufanyia mazoezi, na Urbanus akachora duara. Maishani mwake hakuwahi kuchora duara likakutana sawasawa, mwisho wake na mwanzo wake. Hili lilikutana. Akachora jingine, kisha jani, kisha jicho, na jicho lile lilikuwa na unyevu.

"Hiyo si wewe," Nzilani alimwambia kwa sauti ya chini.

Urbanus aliyasikia maneno hayo kama wivu, au alijilazimisha kuyasikia hivyo. Titus akamwachia kwa bei ya kutupa. Walipokuwa wakishuka ngazi walimsikia akifunga mlango wake na kutia komeo, mchana ule, saa za biashara.

Basi kazi ikaja. Watu walitoka Syokimau na Athi River, wengine Machakos mjini, wakipanga foleni hadi nje kwenye vumbi. Urbanus alichora simba ambaye manyoya yake yalionekana kupepea mwenye kifua akipumua. Alibandika mchoro wa mwongozo kwenye ngozi kama desturi ya kazi, lakini mashine haikuufuata. Iliuacha mstari na kwenda inakotaka, na kila ilipoenda palikuwa pazuri zaidi. Yeye alibaki kushikilia tu. Wateja walimwambia, "Fundi, mkono wako umebarikiwa," naye akajibu, "Ni Mungu tu." Jioni akiosha ile mikono hakuweza kuitazama.

Na kulikuwa na damu. Au tuseme, hapakuwa na damu. Ngozi ikichomwa sindano hutoa damu, hata kidogo, na mchoraji huipangusa kwa karatasi laini kila dakika. Karatasi za Urbanus zilitoka nyeupe. Wateja walifurahi wakasema hawasikii uchungu. Nzilani alizitazama karatasi zile kwenye ndoo ya taka, nyeupe tupu, kisha akazitazama zake zilizojaa madoa mekundu. Chumba nacho kilianza kunuka maziwa yaliyoungua. Walitafuta jiko la jirani wasilione.

Ng'ambo ya barabara Nthambi alikuwa na kibanda cha chakula. Alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, na madereva wengi walimjua kwa jina la Mama Mwikali. Mwikali alikuwa mtoto wake wa pekee, msichana wa darasa la pili, aliyeugua mapafu wakati wa baridi ya Julai akaondoka kabla hata majirani hawajajua kwamba ni mgonjwa. Tangu hapo Nthambi alipika, akauza, akafunga. Hakukaa kuongea na mtu.

Siku moja alivuka barabara akaingia dukani na simu yake, ndani yake picha ya Mwikali akiwa na sare ya shule, anatazama kamera, mdomo umefungwa kwa nguvu kwa sababu ya pengo la meno.

"Nataka awe hapa," alisema, akiushika mkono wake sehemu ya ndani, chini ya kiwiko. "Simu inaweza kuibiwa."

Nzilani alimvuta Urbanus nyuma ya pazia. "Usimchore na hiyo kitu," alinong'ona. "Tafadhali. Chukua yangu, mimi nitakaa kando yako. Ama uniachie nimchore mimi."

"Amekuja kwangu. Anataka mkono wangu."

"Mkono wako ni upi, Urbanus?"

Alijua kwamba akishika mashine ya Nzilani, sura ya mtoto yule ingetoka imepinda, na mama yule angeifunika upesi, na watu wengine waliokuwa kwenye foleni wangeona. Akatoka nyuma ya pazia, akavaa glavu, akaichukua ile nyeusi.

Stima ilipotea katikati ya kazi. Feni ikasimama, redio ya jirani ikanyamaza, kanyagio la Nzilani likafa chini ya mguu wake. Jumba zima likawa kimya, na katika kimya hicho mashine isiyo na waya iliendelea kuimba kwa mdomo uliofungwa, na sasa kila mtu aliyekuwa chumbani aliweza kusikia kwamba kuna wimbo, wimbo wa kubembelezea, wala hakuna aliyethubutu kumwuliza mwenziwe kama ameusikia. Uso ulikuja haraka, nyusi, mashavu, pengo lililofichwa. Urbanus alipoipangusa ngozi mara ya mwisho, karatasi nyeupe, aliona kosa moja. Kwenye simu mtoto alitazama mbele. Kwenye mkono, alikuwa anamtazama yeye Urbanus.

Nthambi hakuliona hilo. Aliuinua mkono hadi shavuni. "Ni yeye," alisema, na machozi yakamtoka kama maji ya bomba. "Ni yeye kabisa. Umenirudishia."

Urbanus akasema asante.

Hazikupita hata wiki mbili Nthambi akarudi. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, lakini uso unang'aa kama wa bibi harusi. Aliangalia nyuma, akafunga mlango, akaongea kwa sauti ya mtu aliye karibu na kitanda cha mtoto.

"Analala mchana," alisema.

"Nani?"

Akapandisha mkono wa sweta taratibu. Macho ya ule uso yalikuwa yamefumba. Kope zilikuwa zimelala juu ya mashavu, kila unywele wake umechorwa, kazi safi ambayo Urbanus hakuichora kamwe.

"Ngozi ikipona huwa inavuta picha," Urbanus alisema. Nzilani alikuwa pale, akamtazama akiusema uongo huo, naye Urbanus akaendelea. "Ni kawaida. Paka mafuta."

"Hapana, fundi, silalamiki." Nthambi alitabasamu. "Ananiimbia. Na anaongea. Ameniambia ukweli, ati yeye si Mwikali. Lakini amesema naweza kumwita hivyo kama nataka."

Alipotoka, Nzilani alikaa kwenye kiti cha wateja akajishika kichwa. "Umesikia alichosema, na umemwambia apake mafuta."

Jioni ile, jua likiwa bado juu, Urbanus aliichukua mashine akatembea hadi kwenye machimbo. Kuna shimo moja lililoachwa zamani, lenye maji ya kijani ambayo hakuna aliyewahi kuuona mwisho wake. Alisimama ukingoni na mashine mkononi. Ilikuwa na joto. Akakumbuka kwamba Jumamosi kuna watu wamepanga kuja, wengine kutoka mbali, na mmoja alikuwa amesema ataleta rafiki zake waone kazi. Akasimama hapo hadi miguu ikachoka. Kisha akarudi dukani, mashine mfukoni. Katika hadithi za watu wengine, kitu cha jini hutupwa kikarudi chenyewe. Hiki hakikurudi chenyewe. Alikirudisha yeye.

Nthambi alianguka kibandani kwake siku ya Jumatatu, mwiko ukiwa mkononi. Kliniki walisema hana damu mwilini. Wakamwongezea, na kesho yake walipompima wakakuta imeisha tena, wala hakuna mahali alipovuja. Wakataka kumpeleka hospitali kubwa. Akakataa, akarudi nyumbani. Nzilani ndiye aliyeleta habari. "Nenda umwone," alisema. "Uende peke yako."

Ilikuwa saa sita mchana Urbanus alipobisha kwenye chumba cha Nthambi, na nje watoto walikuwa wanacheza na mama mmoja anaanika nguo, na kila kitu kilikuwa cha kawaida hata akaona aibu ya kuogopa, lakini alipousukuma mlango harufu ya maziwa yaliyoungua ikampiga usoni, na pazia lilikuwa limefungwa, na Nthambi amelala kitandani mdomo wazi, midomo mikavu, haitikisiki, huku sauti ndogo ikiimba polepole ndani ya chumba, ikaendelea kuimba aliposogea, ikaendelea alipoinama, na ilikuwa inatoka chini ya kiwiko cha mwanamke yule, ambapo uso ulikuwa umenenepa, mashavu yamejaa, umekuwa mzuri kuliko siku ulipochorwa, nao ukafumbua macho ukamtazama, ukaacha kuimba, ukasema, bila haraka, kwa sauti ya Urbanus mwenyewe, ile ile anayojibia wateja:

"Ni Mungu tu."

Alikimbia. Aliwapita watoto, akampita mama wa nguo, ambaye alimwita akimwuliza kama mgonjwa amezidiwa, naye hakusimama kumjibu.

Kijijini Ekalakala kuna mwanamke ambaye kwao Urbanus, kule Kangundo, hatajwi. Baba yake Urbanus ni mwenyekiti wa jumuiya kanisani, na mwanamke huyo, dada wa nyanya yake aliyeitwa Susu Nzisa, yaani Bibi Nzisa, alicheza ngoma ya kilumi, ile ya kupungia mapepo, na familia ilishamfuta midomoni. Urbanus alimwona mara moja tu, utotoni, kwenye matanga, amekaa mbali na watu. Sasa alimkuta kwenye baraza ya mabati akipeta ndengu, redio ya simu ikimsomea bei za mazao.

"Wewe ni wa Ngui," alisema, hakumpa kiti. "Baba yako anajua uko hapa?"

"Hapana, susu."

"Mko na aibu nyingi huko kwenu. Kaa basi."

Urbanus alieleza. Alianza kwa kusema kwamba Titus alimuuzia, na mwanamke yule akaendelea kupeta. Akasema kwamba mashine ilimvuta, naye akapeta tu. Mwisho akaanza upya, safari hii kutoka kwenye betri iliyokuwa mezani na mlango aliouangalia. Hapo ndipo Susu Nzisa alipoweka ungo chini.

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua."

"Na ukaendelea kuitikia watu wakikusifu."

"Niliitikia."

"Basi usiniombe ngoma. Kilumi ni ya mtu ameingiliwa. Wewe hukuingiliwa, wewe ulifungua mlango ukaketi hapo kama bawabu." Akatema tumbaku kando. "Hiyo kitu haina jina. Inatembea na jina lako. Kila mtu akisema Urbanus amechora, inapata pa kuingilia. Nenda ulichukue jina lako. Mchana, mbele ya watu. Halafu huyo mama umfunike hiyo sura kwa mkono wako mwenyewe. Huo mbaya."

"Atakubali?"

"Hilo utamwuliza yeye. Mimi sitakuulizia."

Jumamosi duka lilijaa. Nzilani alikuwa amemleta Nthambi, amemshika kwapani, akamkalisha kwenye kiti, na watu wakampisha wakidhani ni mteja mgonjwa. Urbanus alisimama mbele ya foleni. Alikuwa amepanga maneno usiku kucha, na yote yakamtoroka.

"Hizi kazi si zangu," alisema.

Hawakuelewa. Mmoja akacheka.

"Simba, nyuso, zote. Mimi siwezi kuchora hivyo. Mstari wangu unatetemeka, uliza Nzilani. Kuna kitu ndani ya hii mashine kinachora, na mimi nilijua, na nikawaambia ni mkono wangu. Mkiwa na kazi yake mwilini, njooni niwafunike."

Kicheko kilianza nyuma kikaja mbele. Simu zikainuliwa. "Rudia hiyo, fundi!" kijana mmoja alipaza sauti. Mwanamume mwenye simba kifuani alimshika kola akamwuliza anamaanisha nini, akatukana, akatoka akibamiza mlango. Masikio ya Urbanus yaliwaka. Alirudia, jina lake kamili, mahali anapotoka, kila kitu. Kabla jua halijatua baba yake kule Kangundo angeiona video hiyo, angempigia simu, angesema "Nimeona," na kukata.

Kisha akapiga magoti mbele ya Nthambi. "Mama Mwikali, umesikia. Sikukurudishia mtoto. Kitu hiki kinakumaliza. Niruhusu nikifunike."

Nthambi aliufunika mkono wake kwa kanga. "Hata kama si yeye," alisema polepole, "ni sura yake. Unataka nimzike tena?"

Hakuna aliyecheka sasa. Kila neno alilokuwa nalo Urbanus alishalichafua. Akabaki amepiga magoti. Nthambi akamwinamia.

"Wewe mwenyewe unaweza kuchora nini?"

"Majina. Vibaya."

Nthambi akafunua mkono. Uso ulikuwa macho.

Urbanus alichukua mashine ya Nzilani, ya waya. Nzilani akamwekea wino mweusi, akakaa kando. Alipokanyaga na sindano ikagusa paji la ule uso, sauti ndogo ikalia, nyembamba, sauti ya mtoto kabisa, na watu wakasukumana kutoka nje.

"Mama, naumia. Mama, mwambie aache. Mama, ni mimi, nakumbuka kitanda cha bluu, nakumbuka uji, mama, kifua kinaniuma, mama, usiniache tena."

Mkono wa Urbanus ulisimama. Alikuwa analia. Nthambi alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza kama mtu anayesikia hatua mlangoni, na uso wake ulibadilika.

"Mtoto wangu hakuniita mama hata siku moja," alisema. "Aliniita mwaitu. Endelea."

Ule uso ulionekana kufikiri. Halafu ukasema, kwa upole, kwa lafudhi ya Kikamba kabisa, "Mwaitu."

"Umechelewa," Nthambi alisema. "Endelea, fundi."

Aliendelea. Mashavu yakazama kwenye weusi, kisha mdomo, na mwisho macho, yaliyomwangalia hadi sindano ya mwisho. Damu ilitoka, nyingi, nyekundu, na Nzilani akaipangusa akishukuru Mungu kwa Kikamba. Chini ya ule weusi Urbanus akaandika jina la Mwikali, herufi moja moja. Zilitetemeka zote. Herufi ya kwanza ilikuwa kubwa kuliko nyingine na ya mwisho iliinama.

Nthambi aliusogeza mkono karibu na macho. "Hivi ndivyo alivyokuwa akiandika," alisema. Akaomba maji.

Alipona, polepole. Amefungua kibanda tena. Urbanus akipita humwuzia chakula kama anavyomwuzia mtu yeyote, humpa bila kumtazama, naye hula amesimama. Ile mashine nyeusi walipoifungua hawakukuta kitu ndani yake, hata mota. Ganda tupu, likinuka maziwa.

Urbanus hachori wateja wapya siku hizi. Huwatafuta wale wa zamani. Mwenye nge alikubali kufunikwa. Mwenye simba hashiki simu. Madereva husema walimwona mara ya mwisho upande wa Malaba, amekonda, amefungua vifungo vya shati ili watu waone.

Juzi alikwenda Syokimau kumtafuta Mumo, mwalimu wa chekechea ambaye Urbanus alimchora ndege mdogo nyuma ya sikio. Ilikuwa adhuhuri. Alimkuta kwenye lango la nyumba anakopanga, amebeba mboga, amevaa skafu shingoni ingawa kulikuwa na joto. Urbanus alijieleza yote tangu mwanzo, kama anavyojieleza kila mahali, na Mumo akamsikiliza kwa adabu.

"Niliona video," alisema. "Lakini nilikuwa najua kabla ya hiyo."

"Basi niruhusu nikufunike. Itauma kidogo tu."

"Hapana." Aliishika skafu. Mkono wake ulikuwa mwembamba, kucha hazina rangi. "Kwa nyumba niko peke yangu, fundi. Sikuwa na mtu wa kuongea naye. Usinitafute tena, tafadhali."

Alisema hivyo bila hasira, akampa mkono wa kwaheri, akaingia. Urbanus alibaki langoni, uso umemwiva kwa aibu. Akamsikia akipanda ngazi akiimba chini chini, akaacha ili avute pumzi, na sauti nyingine ikaupokea wimbo pale alipouacha.